Sababu ya Muuza Kahawa Kugonga Finjani

Muuza kahawa alikuwa na sauti. Mnaomwona leo akipita kimya, birika mkono mmoja na finjani mkono mwingine, msidhani ndivyo alivyoanza. Ulikuwapo wakati, mji huu ukiwa bado na mpiga mbiu wake, ambapo katika wauzaji wote hakuna aliyeita kama muuza kahawa, na katika wauza kahawa wote hakuna aliyeita kama Ngwali wa mtaa wa Mitondooni.

Alasiri ya siku zile ilikuwa na utamu wake. Jua likishapungua ukali watu walitoka, si kwa shida ya kununua kitu, bali kwa raha ya kununua kitu kidogo. Huyu alitaka kitumbua kimoja cha moto, akile huku anatembea, mafuta yakimchuruzika kidoleni. Yule alitaka ubuyu wa kufungiwa, aumumunye njia nzima mpaka midomo iwe myekundu. Palikuwa na halua ya kukatiwa kipande, na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa ndimu na pilipili. Hakuna aliyeshiba kwa vitu hivyo, wala hakuna aliyetoka nyumbani kwa nia ya kushiba. Mtu alirudi kwake moyo umetulia, basi, hayo yalitosha.

Lakini vyote hivyo vilikuwa vya kupitishia wakati tu mpaka Ngwali afike. Mkewe, Bi Mize, alikuwa akipika kashata za nazi tangu asubuhi na kuzikata vipande vya mshazari, na yeye Ngwali alizibeba kwenye sinia juu ya kichwa. Birika lake la shaba lilikuwa na makaa chini yake, na ndani mlikuwa na kahawa chungu yenye tangawizi ya kukereketa koo. Akifika pembeni mwa mtaa alisimama, akavuta pumzi, akaita: "Kahawa chungu, kashata tamu, tokeni wangu tokeni." Sauti ilipanda ukutani ikaingia madirishani. Wanaume walikatiza mazungumzo wakavaa kofia. Waliokuwa wamenuna na wake zao walisahau walichonunia.

Na finjani ilikuwa moja. Hapo ndipo wengi wenu mtashangaa, nyinyi mnaotaka kila mtu na chake. Finjani ni kile kikombe kidogo kisicho na mkono, cha mafunda matatu, na baraza nzima ilikunywa katika hiyo moja. Aliyemaliza alimpa jirani yake, Ngwali akamimina tena, finjani ikaendelea mbele mkono kwa mkono mpaka mwisho wa baraza, bila kuoshwa. Kuiosha ingekuwa tusi. Ngwali mwenyewe hakunywa, maana muuza kahawa hanywi akiwa kazini. Bi Mize naye hakunywa katika hiyo ya baraza. Alikuwa na finjani yake ndani, yenye ufa mmoja mwembamba toka ukingoni hadi chini, na kila siku Ngwali aliporudi alimtilia humo tone la mwisho la birika. Alilinywa amesimama nyuma ya mlango, akimuuliza nani alikuwapo leo na nani hakuwapo.

Mwaka mmoja yakaingia maradhi ya tumbo. Mtu alishikwa asubuhi, na alasiri alikuwa anaoshwa azikwe. Yalianza upande wa forodhani, yakaja juu, mtaa baada ya mtaa, mpaka mpiga mbiu akatumwa kupita na pembe yake. Alisema watu wote wabaki majumbani, pasiwe na soko wala baraza, na asitoke mtu mpaka mwezi uandame na mbiu ilie tena. Aliyataja maneno hayo mara tatu katika kila mtaa, kisha naye akaenda kujifungia kwake.

Siku za mwanzo Ngwali alizivumilia. Alisugua birika mpaka likawaka. Alitengeneza bawaba ya mlango ambayo Bi Mize alikuwa akiilalamikia tangu walipooana. Baada ya hapo kazi ikamwishia, akabaki kukaa nyuma ya dirisha akitazama njia ambayo hata paka hakuipita. Kilichomla hakikuwa njaa, kwa kuwa ndani palikuwa na unga na dagaa. Kilichomla ni kwamba alasiri ilikuwa inafika na hakuna mtu anayemngoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiufungua mtaa kwa koo lake, na sasa mtaa ulikuwa umefungwa na yeye ni mmoja tu wa waliofungiwa ndani. Aliona haya kumwambia mkewe jambo kama hilo. Lakini Bi Mize alilijua.

Siku ya kumi na moja Ngwali akawasha makaa.

"Wenda wapi?" akauliza Bi Mize.

"Mitondooni hakujafa mtu hata mmoja. Maradhi yamepita huko huko chini. Nnakwenda kuzungusha birika tu, mke wangu, si zaidi ya baraza moja."

"Mbiu haijalia."

"Mwezi waandama keshokutwa. Siku mbili ni kitu gani?"

"Kama siku mbili si kitu," akasema Bi Mize, "basi zingoje."

Hakuzingoja. Alichukua birika na sinia lenye kashata chache zilizobaki, ambazo zilikwisha kuwa ngumu, akaenda kusimama pale pale pembeni mwa mtaa anaposimama siku zote. Kwa haki, lazima isemwe kwamba hakusema uongo. Hakusema maradhi yamekwisha. Hakusema mwezi umeandama. Alivuta pumzi akaita kahawa chungu, kashata tamu, tokeni wangu tokeni, na siku ile, kwa kiu aliyokuwa nayo, aliita vizuri kuliko alivyopata kuita maisha yake yote.

Nyuma ya milango watu walikuwa wamekaa siku kumi na moja wakingoja sauti ya kuwatoa. Waliposikia sauti, hawakujiuliza ni sauti gani. Walisema, kama Ngwali anaita, basi yamekwisha. Komeo moja likavutwa, kisha la pili, na kabla hajamaliza kuita mara ya tatu mtaa mzima ulikuwa nje, watu wanashikana mikono, wengine machozi yanawatoka kwa furaha ya kuonana tu. Baraza ilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Ngwali aliwatazama akasikia raha ambayo baadaye alitamani asingeisikia.

Wa kwanza kunywa alikuwa fundi Sururu, mshona kanzu, kwa kuwa mlango wake ndio uliokuwa karibu. Sururu alikuwa amekwenda chooni mara nne tangu alfajiri, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kuhamishwa nje ya mji. Naye aliposikia wito alijipa moyo kwamba maradhi yamepita, kwa hiyo tumbo lake ni tumbo la kawaida. Alikunywa mafunda yake matatu, akaifuta midomo kwa kiganja, akampa finjani Mzee Tundwe aliyekaa kuliani kwake. Mzee Tundwe akampa aliyefuata, nayo ikaenda.

Ngwali alirudi nyumbani jua linazama, birika likiwa na tone la mwisho. Bi Mize alikwenda kuchukua finjani yake yenye ufa, lakini mumewe akamzuia. "Leo kunywa katika hii, mke wangu," akasema. "Hii imepita mikononi mwa watu. Leo watu wote walikuwapo." Bi Mize aliitazama ile finjani, akamtazama na mumewe, akaona jinsi uso wake ulivyonawiri baada ya siku zote zile. Akaipokea akanywa.

Kesho yake alasiri Sururu alikuwa kaburini. Aliyefuata ni Mzee Tundwe, na baada yake wengine watano wa baraza ile. Bi Mize alishikwa usiku ule ule wa kwanza, akafa mwezi unaandama. Pembe ililia mtaani kutangaza kwamba watu wanaweza kutoka, na Ngwali alikuwa anatafuta sanda.

Hakuna aliyemlaumu. Watu walisema ni kadari, na walimshika bega wakamwambia avumilie, kwani hata yeye amefiwa. Ngwali alikuwa tayari kuamini. Lakini alikwenda kutoa pole kwa mjane wa Mzee Tundwe, Bi Mgeni, ambaye alikuwa amekaa eda nyuma ya pazia, na Bi Mgeni akamjibu kutoka kule kule nyuma ya pazia kwa sauti ya chini.

"Nilimshika kanzu, Ngwali. Nikamwambia mbiu bado. Akaniuliza, kwani huyo si Ngwali anaita? Akavaa kofia yake akatoka." Kisha akasema, "Sina ugomvi na wewe. Nakwambia ilivyokuwa."

Ngwali akarudi kwake akafunga mlango. Mji ulifunguka, vitumbua vikarudi barazani, wauza ubuyu wakarudi, mihogo ikachomwa. Mitondooni tu palikosekana kahawa. Wazee walimfuata wakamsihi, na mara moja alijaribu. Alisimama pembeni mwa mtaa na birika lake, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Mbele yake akaona kofia saba zikivaliwa. Akafunga kinywa akarudi nyumbani.

Ikapita miezi minne na siku kumi, eda ya Bi Mgeni ikaisha. Siku ile alioga, akavaa nguo za kawaida, akakaa sebuleni peke yake. Katika ndoa yao ndefu Mzee Tundwe alikuwa akimletea kahawa kidogo kila alasiri kutoka barazani, na sasa ndiyo aliyoitamani, ingawa yalitokea yote yale. Akamtuma jirani yake kwa Ngwali na maneno haya: "Mwambie aniletee kahawa. Ila asiite."

Ngwali aliyapokea maneno hayo, akakaa muda mrefu na moto haujawashwa. Kisha akawasha. Finjani ya baraza aliisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Akaichukua na ile yenye ufa, kwa sababu hakuweza kuiacha peke yake ndani. Akajaza ndoo ndogo ya maji, akaitundika kwenye kiwiko. Finjani zote mbili akazishika katika kiganja kimoja, moja juu ya nyingine, akatoka.

Kila hatua aliyopiga, finjani ziligongana, kidogo tu, na katika njia ile iliyozoea kumsikia akiita, kila mtu aliusikia mgongano ule. Waliokuwa barazani waligeuka. Alipofika mlangoni kwa Bi Mgeni alisimama, akakumbuka kwamba ameombwa asiite, na hakujua amjulishe vipi kwamba amefika. Basi akazigonga finjani makusudi, mara mbili, akangoja.

Bi Mgeni akafungua. Ngwali akachovya finjani ya baraza majini akaisuuza mbele ya macho yake, lakini mama yule alikuwa akiitazama ile nyingine.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Bi Mize."

"Nitilie katika hiyo."

Ngwali akaisuuza, akamtilia. Bi Mgeni alikunywa amesimama nyuma ya mlango wake, taratibu, mafunda matatu. Alipomaliza hakusema imekuwa tamu wala chungu. Alinyoosha mkono akamrudishia finjani mwenyewe, mkononi, akafunga mlango. Ngwali akalia pale pale njiani bila kutoa sauti, kisha akaisuuza finjani akaendelea na safari, kwa kuwa barazani kulikuwa na watu wawili waliokwisha kusimama.

Na tangu siku hiyo muuza kahawa haiti mtu. Wauza kahawa wengine walimwona Ngwali, nao wakaacha kuita, mmoja mmoja, na wanafunzi wao hawakufundishwa kuita tena. Muuza kahawa hupita na ndoo yake ya maji na finjani zake mkononi, akazigonga. Finjani hutoka mkononi mwake ikarudi mkononi mwake, ikasuuzwa, ndipo apewe mwingine, na hakuna jirani anayempitishia mwenzake. Kashata bado ipo, na wapo wanaosema ni kwa ajili ya uchungu wa kahawa. Anayetaka hutoka mwenyewe. Asiyetaka hubaki na mlango wake, na muuzaji hamgongei wala hamsubiri.

Mkikaa karibu mtasikia kwamba finjani mbili hazilii sawa. Moja hulia wazi. Nyingine hulia kwa kukwaruza kidogo, kama yenye ufa, hata iwe mpya kutoka dukani. Wauza kahawa wenyewe huzichagua hivyo, na ukiwauliza sababu watakuuliza unataka kahawa ya pesa ngapi.