Jina Lililokosekana Mimbarini

Inasimuliwa kwamba dola kubwa ya Mashariki ilipoanza kumeguka kama mkate mkavu, katika mji wa Nahrani alikuwako khatibu mchamungu, Sheikh Ubaidi bin Rafii, Mola amrehemu. Ada ya zama zile ilikuwa khatibu amwombee mtawala kwa jina lake katika hotuba ya Ijumaa. Aliyetajwa mimbarini ndiye mwenye mji.

Miaka thelathini Sheikh alimtaja Sultani bila kusita. Juma lile mambo yakamvuruga. Jumatatu akaja mjumbe: Sultani amefariki, mtaje mwanawe. Jumatano akaja wa pili: mwana ameuawa, mtaje waziri. Alhamisi wa tatu: Sultani yu hai, ole wako ukimtaja mwingine! Kila mmoja akaacha askari, na kiapo cha kumkata khatibu shingo akikosea.

Asubuhi ya Ijumaa Sheikh alivaa joho lake ndani nje.

"Bi Rayhana," akamwambia mkewe, "wallahi sijui nimtaje nani. Kichwa kinanizunguka."

"Sheikh wangu," akajibu mkewe, akimvua joho na kumgeuzia, "kama hujui, mbona unahangaika kutafuta la kusema kana kwamba unajua?"

Sheikh akapanda mimbari. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Alipofika mahali pa jina akasema:

"Enyi waja wa Mungu, mtawala wetu leo simjui, na juu ya mimbari hii sitasema uongo. Ee Mola, Wewe wamjua. Akiwa mwadilifu, mdumishe. Akiwa dhalimu, tuondolee."

Askari wakashika mipini ya panga, wakatazamana. Atakayechomoa si amekiri kwamba bwana wake ndiye dhalimu? Mmoja akaitikia "Amina", wenzake wakamfuata upesi wasije wakashukiwa, na msikiti mzima ukaitikia. Sheikh akateremka na shingo yake, akaishi hadi akasomesha wajukuu.

Ndugu zangu katika imani, kusema "sijui" ni jambo jepesi, ila mbele ya upanga. Jina la khatibu limetufikia, na la mkewe pia. Ama majina ya wale watatu walioapa kumwaga damu ili watajwe, nimemuuliza kila aliyenisimulia kisa hiki, na hakuna aliyeyajua.