Aliyemfikisha Nakiete

Sogeeni karibu. Mwenye haraka aende zake salama, maana hadithi hii bado haina mwisho, na mimi nimekuja kuutafuta kwenu.

Dada yangu Nakiete alizaa watoto watatu, na Mungu aligawa vipaji nyumbani mwake bila upendeleo. Wa kwanza, Navoneiwa, alipewa mkono. Miaka kumi na minne anaendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda na hajawahi kugonga hata kuku. Wa pili, Sifaeli, alipewa sikio. Ana gereji pale Same mjini, na gari likipita nje anakutajia ugonjwa wake kabla mwenyewe hajashuka. Wa mwisho, Eliapenda, alipewa subira. Anafundisha chekechea, watoto sitini katika chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Mimi ni mjomba wao. Nilipewa ulimi, na wapo wanaosema nilipewa mrefu kuliko kipimo.

Sasa niwaeleze gari. Nakiete hakujua kuendesha hata baiskeli. Alilima tangawizi maisha yake yote huku kwetu milimani, Upare, na mwaka mmoja mavuno yalipokubali akanunua gari la siti saba, lililotumika kwanza Japani. Alichoka kuwaona wanawe wakija Krismasi kila mmoja kwa siku yake na kuondoka kwa siku yake. Alitaka waje pamoja, wagombane njiani, wafike wakiwa wameshapatana.

Akaliita Sebule. Alisema siti zake zinampokea mtu vizuri kuliko wakwe, baridi ya kiyoyozi inafika mpaka nyuma, na likiruka tuta chai haimwagiki. Siku moja alisimama kanisani wakati wa shuhuda, akamshukuru Mungu kwa afya, kwa mvua na kwa shokapu. Mchungaji alisema amina kwa yote matatu.

Mimi nililiona kwa jicho jingine. Lilikunywa mafuta kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda. Siti mbili za nyuma kabisa zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na magoti. Nilipanda huko mara moja, nikashuka nimekunjika na nikabaki hivyo mpaka jioni. Lakini ubaya wake hasa ulikuwa katika umbo. Lilisimama juu, kifua mbele, na kila aliyelitazama alisema hili ni gari la milima. Sifaeli alinieleza ukweli tangu wiki ya kwanza, akiwa amelala chini yake.

“Mjomba, hili ni gari dogo la mjini lililovalishwa mwili mkubwa,” alisema. “Yanayovuta ni magurudumu ya mbele tu. Kiangazi litapanda kwetu. Masika, hapana.”

Nikamwambia dada yangu amenunua mtu wa lami aliyevaa buti za shamba. Alicheka sana. Hata hivyo, kila masika gari lilibaki gerejini kwa Sifaeli, na mwenye gari akapanda na kushuka mlima kwa lori kama sisi wengine.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Aprili, moyo wake ulichoka. Tulimlaza hospitali Moshi. Daktari alituita, mimi na watoto wote watatu, akasema kwa upole kwamba akibaki kitandani na dawa anaweza kuiona Krismasi, lakini safari ya kupanda milimani huenda ikamuua. Hatukumficha mgonjwa. Nakiete alijibu kwamba mumewe amelala nyuma ya nyumba yake, na yeye hataki kumalizia siku zake katika chumba ambacho hajui hata jina la jirani. Arudishwe kwake. Na hapandi lori, wala gari la kukodi. Anapanda lake.

Watoto walitazamana. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Ndivyo watoto wa kwetu wanavyokubali jambo linalowaumiza.

Sifaeli alilileta gari kutoka gerejini, tukaondoka Moshi alfajiri. Navoneiwa alishika usukani na Sifaeli alikaa kando yake. Siti ya katikati ilinyooshwa ikawa kama kitanda, Nakiete akalala hapo na mtungi wake mdogo wa oksijeni, Eliapenda akimshika mkono. Mimi nilitupwa kulekule nyuma, magoti kidevuni. Nawaambia kweli, juu ya lami gari lile lilikwenda bila kumsumbua mgonjwa hata kidogo. Dada yangu alisinzia. Nilimtazama usingizini, nikalisamehe gari lake makosa yote.

Tulipofika Same tukafanya kosa, na kosa hilo ni la kwetu sisi kabisa. Huku kwetu mtu harudi nyumbani mikono mitupu. Nakiete aliamka, akaagiza: mfuko wa mchele, mfuko wa unga, sukari, ndoo mbili za mafuta ya kupikia. Eliapenda alijaribu kumbembeleza, akajibiwa kwamba watakuja watu kumwona, nao lazima wale. Tulipakia vyote nyuma, na vilivyobaki nikapakatishwa mimi. Hakuna aliyefikiria uzito, hata Sifaeli mwenye sikio lake.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulipanda vizuri mpaka mwinuko wa Kwa Mchome, kilomita tatu kabla ya nyumbani. Pale tope ni jekundu na linateleza kama sabuni. Mzigo uliukandamiza mkia wa gari, pua ikawa nyepesi, na magurudumu ya mbele yakazunguka bila kushika chochote. Gari likaanza kurudi nyuma, upande wa bondeni. Navoneiwa alilizuia kwa ngekewa na ufundi. Tulishusha mchele, unga, sukari na mafuta, kisha nami nikashuka kama gunia jingine. Bado halikupanda.

Nakiete alifungua macho. “Nilazeni hapa hapa, wanangu,” alisema. “Mlima nimeshauona.”

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini, kwa maana hapo ndipo penye shida yangu.

Sifaeli alisikiliza. Dada yake Navoneiwa alikuwa anataka kukanyaga mafuta mara nyingine, naye akamshika mkono na kuzima injini. Alikuwa amesikia gia boksi ikilia kwa ndani, mlio ambao mimi niliyesimama hatua mbili sikuusikia. Akasema ikikanyagwa tena itaungua, na mama atabaki pale njiani. Akaiacha ipoe. Kisha akasema ligeuzwe, lipande kinyumenyume. Alieleza kwamba katika mwinuko uzito huangukia upande wa chini. Pua ikiwa chini, magurudumu yanayovuta yatakandamizwa na yatashika tope. Akavua viatu, akatangulia kwa miguu kilomita zote tatu, akiondoa mawe na kuonyesha kwa mikono mahali pa kukanyaga. Alifika nyayo zimechanika. Bila Sifaeli, gari lisingetoka pale.

Navoneiwa aliendesha. Kwanza aliligeuza gari katika njia yenye upana wa kitanda, bonde likiwa limefunguka upande mmoja, kwa kwenda mbele shubiri na kurudi nyuma shubiri. Kisha akapanda kinyumenyume, shingo ameipinda juu ya bega, saa nzima na zaidi. Hakufunga breki kwa ghafla hata mara moja, maana kila mshtuko ulikuwa unamkata mama pumzi. Jasho lilimwingia machoni na hakuondoa mkono kulifuta. Kwa siku nane baada ya hapo shingo haikugeuka, ikawa akiitwa anageuka mwili mzima. Bila Navoneiwa, gari lingekuwa bondeni.

Na Eliapenda? Huyu hakugusa gari. Pua ilikuwa imeelekea chini, kwa hiyo Nakiete aliona tambarare tu ikizidi kuwa mbali, na akaanza kuogopa. Alidhani anarudishwa hospitali. Alitaka kujiinua, akavuta bomba la pumzi. Eliapenda alimkumbatia, akaanza kumtajia vilivyokuwa mgongoni kwake. Nilikuwa natembea kando ya dirisha, nilisikia kila neno. “Tumepita kwa mama Elinami, tangawizi yake imechipua. Sasa tuko kwenye kisima. Umeliona bati la shule, mama? Linang'aa.” Kilomita moja kabla ya nyumbani mtungi uliisha. Eliapenda hakusema umeisha. Alimwambia mama wavute pumzi pamoja na washushe pamoja, kama wanavyofanya watoto darasani kwake, na akaendelea kumtajia njia. Nilimsikia akitaja mgomba ulioanguka mwaka juzi, kana kwamba bado umesimama. Bila Eliapenda, gari lingefikisha maiti.

Tuliingia uani mkia ukitangulia. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, baraza ya nyumba yake ilikuwa hapo, hatua tano. Tukamgeuza aitazame. Aliitazama nyumba, akatazama migomba, akatazama upande wa kaburi la mumewe. Alikataa kushushwa kwanza. Aliletewa chai, akanywa mafunda mawili. Majirani walikuwa wameshaanza kuingia, akawasalimu kwa majina, wote, hakukosea hata mmoja.

Halafu akasema mbele yetu, kwa sauti iliyosikika vizuri: “Gari ni la aliyenifikisha.”

Nikamuuliza, “Dada, ni yupi?”

Akanitazama kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua. Akaegemea siti yake, akafumba macho. Saa sita mchana ilikuwa haijafika. Tulisubiri afumbue. Eliapenda ndiye aliyetangulia kuelewa, kwa sababu alikuwa bado anavuta pumzi na mama yake, na akajikuta anavuta peke yake. Nilimlilia dada yangu bila aibu, na bado namlilia.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, mjomba ndiye anayegawa vitu vya marehemu mbele ya ukoo. Neno lake halirudiwi. Shamba nimeshalipanga, ng'ombe nimewapanga, vitenge nimevipanga. Limebaki gari, limesimama uani, na siku yenyewe ni keshokutwa.

Wazee wenzangu wamenishauri niliache liwe la wote watatu. Niliwauliza wenyewe, wakakataa. Walinikumbusha kwamba mama alisema aliyenifikisha, hakusema walionifikisha. Wengine wakasema liuzwe. Lakini kitenge chake bado kimetandikwa kwenye siti, na Eliapenda hajaruhusu mtu apitishe hata kitambaa humo ndani.

Watoto hawa walionyonya ziwa moja sasa hawali sahani moja. Sifaeli anasema mkono na subira vingefanya nini kwa gari lililoungua. Navoneiwa anasema ushauri haujawahi kushika usukani. Eliapenda anaondoka tu wenzake wanapoingia. Nilidhani ni tamaa, na nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kuwaambia.

Jana Navoneiwa alinijia peke yake. Alikaa kizingitini, akilitazama gari.

“Mjomba,” alisema, “daktari alituambia safari itamuua. Ukinipa mimi ufunguo, umesema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi ndiye niliyemfikisha mama kwenye kifo chake. Usiponipa, umesema sikumfikisha nyumbani kwake. Niambie lipi kati ya hayo nitaweza kuishi nalo.”

Ulimi wangu, huu mnaousema, ulikauka. Alipoondoka akaja Sifaeli, akaniambia jambo lilelile kwa maneno yake. Leo asubuhi akaja Eliapenda. Alilia mpaka nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Hapo nikaelewa kwamba kila mmoja wao anautaka ufunguo ule, na kila mmoja anauogopa, na kwamba usiku hawalali kwa ajili ya Krismasi ambayo mama yao angeiona.

Na mimi nilikuwepo. Ningeweza kusema hapana kule Moshi, na watoto wangenitii. Sikusema.

Keshokutwa watakaa mbele yangu, kila mmoja na benchi lake, ukoo mzima ukisubiri. Nitasimama, nitatia mkono mfukoni, nitautoa ufunguo. Ni mmoja. Nitaunyoosha kwa mtu mmoja, na wawili wataona haukunyooshwa kwao. Yupo aliyelisikia gari, yupo aliyelipandisha, yupo aliyemfanya mama yake awe hai mpaka akaiona nyumba yake.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, anza, na wengine wafuate. Je, wewe ungemkabidhi nani, na ungemwambia nini unapomkabidhi?