Meza Isiyo na Jumba la Sultani

Hapo zamani, umeme ulipokuwa bado mgeni na masultani hawajajifunza kuona haya, alikuwako Sultani Nasibu aliyepitisha nyaya juu ya vilima vikavu ili jumba lake liwake taa mchana na usiku, na mtambo wake wa barafu usikose kunguruma. Basi ikawa kila pepo za kaskazi zikivuma, nyaya hupigana, cheche huanguka majanini, na mapaa ya kijiji cha Mteremkoni huungua. Sultani alihuzunika mno, kwani moshi ulimkera puani.

Waziri wake, Taufiki, akaunda meza ya kukisia moto. Vilima vya udongo, nyaya za uzi, vijiji vya udongo vya kuchomeka na kuchomoa, na chini yake mtambo uliojua nguvu za upepo na ukavu wa majani. Waziri akizungusha mpini, vitaa vyekundu huwaka pale moto utakapopita.

"Penye kijiji," akaeleza, "mtambo huhesabu viwanja vilivyofagiwa na majani yaliyoliwa na mbuzi. Moto huunguza mapaa ya mbele, kisha hufa. Pasipo kijiji, huhesabu nyasi tupu."

Kila kitu kilikuwamo isipokuwa jumba la Sultani, maana ni utovu wa adabu kulitaja jumba la mkubwa katika habari za mabaya.

Waziri akashauri, "Bwana wangu, vichaka vilivyo chini ya nyaya vikatwe, na siku za upepo mkali umeme uzimwe."

"Uzimwe? Ninywe sharubati vuguvugu kama mchukuzi? Meza yako mwenyewe inaonyesha kosa ni la nani. Moto unakwenda Mteremkoni, basi Mteremkoni wahame!"

Watu wa Mteremkoni wakamtuma Mshamu aende kuwaombea. Mshamu hakuwa na kuku wala kifaranga, na kazi yake ilikuwa kutokosa hitima hata moja, ya jirani wala ya asiyemjua. Walimchagua kwa kuwa akikatwa kichwa hasara ingekuwa ndogo. Naye aliijua sababu hiyo, akaenda hivyo hivyo. Wenziwe wakitawanyika, atakula kwa nani?

Alipofika jumbani, Sultani akamcheka. "Ewe Mshamu, nina huruma, kila mtu anajua. Kitoe kijiji chenu katika njia ya moto kabla sijamaliza bilauri hii. Usiguse waya, usikate tawi, usizime taa. Ukiweza, mtakaa. Ukishindwa, kesho mtabeba milango yenu vichwani."

"Bwana wangu umri wako uwe mrefu," akasema Mshamu, "na sharubati yako nayo."

Akaiendea meza, akakichomoa kijiji cha Mteremkoni, akakitia mfukoni.

Baraza zima likaangua kicheko. "Mchezo gani huu?" akafoka Sultani.

"Si mchezo, Bwana. Moto umeuona mezani, kosa letu umeliona mezani. Nami nimehama papo hapo mezani. Au meza husema kweli ikitufukuza tu?"

Sultani akamgeukia Waziri. "Zungusha, tumwaibishe huyu!"

Waziri akazungusha. Vitaa vikawaka kutoka kwenye nyaya, vikafika penye tundu la Mteremkoni, na badala ya kuzimika vikapanda mlima mbio, hadi kileleni palipokuwa udongo mtupu. Huko vikawaka vyote kwa pamoja.

"Pale juu pana nini?" akauliza Sultani.

Waziri akatazama viatu vyake. Kadhi wa baraza akakumbuka kukohoa. Kwa adabu yao, wangeungua wote kimya kimya.

"Pana kiti, Bwana," akasema Mshamu. "Umekikalia."

Sultani akaweka bilauri chini, imejaa nusu. Akanyoosha mkono, na sauti ikiwa imempungua akasema, "Hebu nipe kijiji changu."

"Hivi sasa kimekuwa chako," akanong'ona Mshamu, akampa.

Sultani akakichomeka kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaamuru vichaka vikatwe jioni ile ile, na pepo zikivuma umeme uzimwe pasipo kumuuliza.

"Kimekaa sawa?" akauliza.

Mshamu akainama, akatazama. "Kigeuze kidogo, Bwana wangu. Umetusimamisha juu chini."

Hekaya imefika ukingoni. Aliyeelewa na alale, asiyeelewa akamuulize Waziri, kama amepata ulimi.