Taa Zilizochaguliwa Mlangoni

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba na kiapo. Nyumba aliijenga kwa vitumbua, akiamka kuchoma kabla ya adhana, miaka nenda miaka rudi, mpaka matofali yakasimama na bati likapanda. Kiapo alikila tangu yu mtoto, jioni ile mdogo wake wa kike alipoingia chumbani kutafuta kanga ya kujifunika akaumwa na nyoka asiyemwona. Kwao kulikuwa na koroboi moja tu, na jioni hiyo ilikuwa jikoni. Mtoto hakupona. Basi Somoe, ndilo jina la mwanamke huyu, akaapa kwamba Mungu akimjalia kuwa na kwake, giza halitapata pa kukaa.

Umeme ulipoingia mtaani hakungoja kuambiwa. Alikwenda duka la vifaa vya umeme akataka taa za ukutani, zile za LED, nyeupe, na kali kuliko zote. Mwenye duka akamuuliza ni za chumba gani. Somoe alimshangaa. Akamjibu kwamba ni za vyumba vyote, na kwamba nyeupe ni nyeupe, anachotaka yeye ni kuona. Akarudi nazo nyumbani, fundi akimfuata na ngazi yake. Kila chumba walichofika, Somoe alisimama mlangoni, akaegemea mwimo, akamwonyesha fundi kwa kidole: hapa, kando ya mlango, juu kidogo ya kichwa changu. Alitaka mwanga utoke mgongoni mwake, usimchome macho, umwonyeshe kila kilichomo ndani. Sebuleni hivyo, jikoni hivyo, ukumbini hivyo, vyumba vya kulala hivyo hivyo.

Zilipowaka, jamani, sisimizi alionekana akitembea ukutani. Majirani walikuja kutazama, wakasema kwa Somoe sasa ni saa sita mchana siku zote, naye akatabasamu. Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyezika mdogo wake kwa kukosa taa, mwacheni afurahi kubonyeza swichi.

Ila mambo madogo yalianza kujitokeza, na yeye hakuyatia maanani. Mumewe, Mbaraka, alihamishia kahawa yake ya magharibi barazani, akidai kwamba nje kuna upepo. Kulikuwa na upepo gani miezi ile? Wageni waliokuja sebuleni walikaa ukingoni mwa viti kama watu walioitwa kutoa ushahidi, wakamaliza salamu, wakaaga. Somoe alijiambia watu wa siku hizi wana haraka. Nyumba ilikuwa inang'aa, wala hakuona kwamba ilikuwa inahamwa taratibu.

Ndipo akaja Hidaya, mwanawe wa pekee. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa watu wale mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mwanamke hurudi kwao, akajifungua, akakaa ndani mpaka arobaini ya mtoto itoke, huku mamake akimhudumia kama mtoto mchanga wa pili. Hidaya alijifungua salama mtoto wa kiume, akapewa chumba kizuri kuliko vyote. Na Somoe, haki yake apewe, hakubakisha kitu. Alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, alimpikia uji wa pilipili manga, alimfunga mkaja tumboni kwa mikono yake mwenyewe. Mchana kutwa mama na mwana walikuwa wakicheka.

Lakini kila jua lilipotua Somoe alikuja mlangoni, akabonyeza swichi, akasimama pale pale penye kawaida yake. Akaanza. Mtoto amenyonya? Titi lipi? Mbona macho yako mekundu, ulikuwa unalia? Hilo doa shukani la nini? Mbona mtoto ana kijishavu kidogo vile? Hayakuwa maswali ya ubaya, yalikuwa maswali ya mtu anayeogopa. Aliona kila kitu, na kila alichokiona alikitaja. Hidaya alijivuta kwenye kona ya kitanda, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akajibu ndiyo, akajibu hapana, halafu akawa hajibu.

Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto akawa analia tangu taa inapowashwa hadi inapozimwa. Walipompeleka kliniki, uzito ulikuwa umeshuka, na mkunga akasema mzazi hana utulivu, atafutiwe utulivu. Somoe alirudi nyumbani roho mkononi, na jioni ile maswali yakaongezeka. Siku moja alikuta Hidaya ameitundika kanga juu ya taa. Aliitoa. Alisema itashika moto, ingawa moyoni alijua taa zile hazina moto wa kuunguza kitambaa. Alisema pia kwamba katika nyumba hii mwanga haufunikwi nguo. Kesho yake Hidaya alianza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi.

Alikuwa anakwenda kwa wakwe zake, kabla ya arobaini kutoka. Nyie mnaosikiliza mnajua uzito wa jambo hilo. Mzazi anayemkimbia mamake arobaini haijatoka, mtaa mzima utauliza mama kafanya nini. Maneno ya mtaa Somoe angeyavumilia, alikwisha kuvumilia mengi kwenye biashara ya vitumbua. Kilichomkata maini ni yule mtoto. Kwa wakwe kulikuwa mbali, njia yenyewe ya mashimo, na kichanga kilikuwa hakina hata nguvu ya kulia vizuri. Aliona kabisa kwamba akiondoka katika hali ile huenda asimwone tena. Kaburi la mtoto mmoja lilimtosha maisha yake yote.

Akasimama mlangoni, taa ikiwa mgongoni, akamuuliza mwanawe kosa lake ni lipi. Hidaya aliendelea kukunja. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aliyechoka:

"Hujanikosea, mama. Ila taa hii hainimulikii. Inanihoji."

Hasira zilimpanda Somoe mpaka masikio yakawasha. Taa! Yaani mtu anakaribia kuua mtoto kwa sababu ya taa? Yeye aliyelelewa kwa moshi wa koroboi, leo anaambiwa mwanga wake ni mkosi? Alitoka nje akamwaga yote mbele ya Mbaraka. Mbaraka alisikiliza, akazungusha kikombe chake, akakitazama kikombe, akanyamaza. Alikuwa amenyamaza kuhusu taa zile tangu zilipowekwa, na jioni ile ukimya wake Somoe aliusikia kwa mara ya kwanza.

Akarudi ndani kwa ubishi. Hidaya alikuwa amekwenda kuoga, na mtoto amelala mkekani barazani kwa babu yake. Somoe akaona hii ndiyo nafasi ya kuhakikisha kwamba taa haina neno. Akawasha, akapanda kitandani, akajilaza pale pale alipokuwa akilala mwanawe, akaweka kichwa juu ya mto ule ule. Wakati wote tangu nyumba isimame alikuwa hajawahi kulala pale. Taa ilimpiga usoni. Akageuka upande, ikamfuata. Akafumba macho, ikapenya kope. Akaweka mkono usoni, na hapo akajikuta amejivuta kwenye kona ya kitanda bila kujua amejivuta saa ngapi. Alikuwa bado anajiambia kwamba si kitu, ni mazoea tu, mtu huzoea.

Mara mlangoni pakasimama mtu. Somoe alimwona mweusi tii, kivuli kirefu kilichozingirwa na weupe unaouma, hakina macho, hakina mdomo, hakina uso. Moyo wake uliruka kwa hofu. Kivuli kikasema, "Mama, vipi?" na sauti ilikuwa ya Hidaya, mwanawe aliyemzaa, na bado hakuweza kumwona uso.

Alilia. Kwa nini asilie? Alielewa kwa mpigo mmoja yale ambayo jioni zote zile hakuyaelewa. Yeye akisimama mlangoni alimwona Hidaya mpaka vinyweleo, na Hidaya hakumwona mama hata kidogo. Aliona kiza chenye sauti, kikiuliza titi lipi, kikiuliza doa la nini. Uso wa Somoe ulikuwa umejaa huruma jioni zote hizo, Mungu ni shahidi yake, lakini huruma ile ilikuwa upande usio na mwanga. Akaizima taa kwa mkono wake, akamvuta mwanawe akae karibu naye kitandani, wakakaa hivyo kwa mwanga wa dirishani uliokuwa ukififia. Hakumuuliza swali lolote. Alimwomba ampe siku chache tu, na Hidaya akalisukuma begi chini ya kitanda.

Asubuhi Somoe aliamka kama askari aliyepewa vita. Hakuanzia dukani, alianzia vitini. Aliingia sebuleni akakaa pale wanapokaa wageni, akawasha, akaona jinsi mtu anavyokodolewa macho mle ndani. Akasikia aibu kwa ajili ya kila aliyewahi kuaga kahawa haijaletwa. Jikoni akakaa juu ya mbuzi kana kwamba anakuna nazi, na kumbe taa ya mgongoni ilimwagia kivuli chake mwenyewe juu ya mikono. Kwa taa kali kuliko zote mjini, alikuwa akikata vitunguu gizani! Alicheka peke yake mpaka Mbaraka akaja kuchungulia. Naye Mbaraka akatiwa kazini hapo hapo, akaambiwa atembee ukumbini kama anavyotembea akiamka kwenda msalani, macho yakiwa bado yana usingizi, aonyeshe ni wapi anapapasa. Alionyesha. Alionyesha mengi, maskini, yalikuwa yamemjaa kifuani.

Ndipo wakaenda dukani. Taa zote za ukutani zilikuwa zimewashwa pamoja, zinashindana. Somoe akamwomba mwenye duka azizime zote, awashe moja moja. Halafu akatandika kanga yake sakafuni, akakaa, na kwa baadhi ya taa akajilaza kabisa, katikati ya duka, miguu imenyooka kuelekea kwenye ndoo za rangi. Wateja walicheka. Wacheni wacheke. Mwenye duka mwenyewe aligeuka upande ili asionekane meno. Somoe hakujali hata chembe, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anachagua taa kwa macho ya watu wake.

Nyeupe kali haikutupwa, msije mkadhani alilirudia giza. Aliipeleka jikoni, ila mbele ya anayepika, juu ya meza, mahali kisu kinapofanya kazi, maana penye kisu mtu anataka kuona bila kuoneana haya. Sebuleni akaweka nyeupe iliyopoa kidogo, mbili, kila moja na ukuta wake, ili wanaozungumza waonane nyuso na asiwepo mmoja wa kutazama na mwingine wa kutazamwa. Ukumbini akataka kijitaa kidogo, chini karibu na sakafu, kinachomwonyesha mtu mguu wake tu. Mbaraka alikishangilia kama mtoto. Na kwa chumba cha mzazi alichagua nyeupe ya rangi ya maziwa, yenye kifuniko kinachorusha mwanga juu, urudi chini ukiwa umetulia. Fundi alipokuja na ngazi yake, kwa mazoea akasimama kando ya mlango akingoja kidole. Somoe akampeleka mpaka upande wa kichwa cha kitanda. Kisha akamwamuru aing'oe swichi mlangoni na kuiweka pale mkono wa aliyelala unapofika. Fundi akasema hajawahi kufanya hivyo, mwenye nyumba ndiye huwasha. Somoe akamwambia afanye.

Jioni ile alifika mlangoni, chumba kikiwa bado na kiza. Akapiga hodi. Swichi ikalia ndani, na mwanga ukaja polepole juu ya ukuta, ukamfikia Somoe pale aliposimama, ukamwangukia usoni. Hidaya alimtazama mamake kwa muda. Akamkaribisha. Mtoto alikuwa ananyonya, wala hakuacha.

Maziwa yalirudi, tena kwa wingi wa kulowesha kanga. Mtoto alinenepa, shingo ikapotea, wakawa wanamtafuta kwenye mikunjo. Mkunga wa kliniki alimpima mara ya kwanza akadhani mizani imeharibika, akampima tena. Begi lilitolewa chini ya kitanda, nguo zikarudi kabatini. Na arobaini ilipotoka, nyumba ile ilijaa mpaka barazani, wageni wakakaa sebuleni hadi kahawa ikachemshwa upya na upya, wazee wakisimuliana na vijana wakibishana, na hakuna aliyekaa ukingoni mwa kiti. Hidaya alitoka chumbani na mwanawe mikononi, kichwa juu, vigelegele vikapasua bati. Alipita katikati ya watu wote wale moja kwa moja mpaka kwa Somoe, akampa mtoto ambebe mbele ya mtaa mzima. Somoe alimpokea. Giza halikuwa na pa kukaa katika nyumba ile, na watu walikuwa napo.

Nawe uliyejaliwa mwanga, uwe wa elimu, uwe wa dini, uwe wa kumtangulia mtu kwa umri: unapomwangazia mwenzio ukamwona alivyo, je, yeye anauona uso wako?