Mwiko wa Fundi Khatibu

Sogeeni. Mwenye kutafuna na ameze kwanza, maana mwisho nitawadai jibu.

Wete palikuwa na mpika halua, Fundi Khatibu, aliyesoma Uchina ujanani akarudi na mafunzo ya Kikonfusio, ya mwanahekima wa kale wa huko. Kila jioni, kabla ya kuzima moto, aliwataka wanagenzi wake wajiulize kimoyomoyo leo wamemkosea nani. "Nataka mjichunge hata mkiwa peke yenu," alikuwa akisema.

Wanagenzi walikuwa watatu. Shaame alikuwa mtiifu, hajui kubisha. Makame alikuwa mvivu kidogo, lakini uongo haukumkaa mdomoni. Mize alilelewa nyumbani kwa fundi, akamwita baba, na mafunzo yale aliyashika yote kwa moyo mmoja.

Desturi ya jiko lile, fundi akichoka humkabidhi mmoja mwiko mkubwa, na mwenye mwiko ndiye mwenye jiko. Ikaja oda ya halua ya harusi.

"Mimi nakwenda Chake," fundi akasema. "Korogeni kwa zamu, kila mtu peke yake. Nikirudi, natoa mwiko."

Halua nayo haina subira. Ukiiacha kidogo tu, inashika chini.

Shaame alianza. Wanga uligoma kuchanganyika, akaukoroga mpaka ukalainika, hata jasho hakujipangusa.

Mize akapokea ilipokuwa nzito kabisa. Aliponyoosha mkono kuchukua kopo la iliki, akaona nyuma ya kopo kamera ndogo, taa yake inawaka. Moyo ulimuuma. Miaka yote hii, kumbe haaminiwi! Akaifunika kwa kitambaa, akarudi kwenye mwiko, akakoroga huku analia mpaka zamu yake ikaisha.

Makame alimalizia. Samli ilipoanza kujitenga akaketi kidogo, na halua ikashika. Akaruka, akaihamisha ya juu kwenye sufuria nyingine, iliyoungua akaitupa, akakoroga tena mpaka ikaiva.

Fundi aliporudi akaonja. Haikuwa na kasoro.

"Fundi, mimi niliketi, ikashika," Makame akasema kabla hajaulizwa. "Hiyo ni ya juu tu."

Fundi akamgeukia Mize. "Na wewe, kamera umeifunikia nini?"

"Baba, umetufundisha tujichunge wenyewe. Kumbe somo lako mwenyewe huliamini?"

Shaame akainamisha kichwa, na hapo Mize akaelewa.

"Shaame! Wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyeifunga pale nyuma ya kopo. Fundi alinikataza kusema. Ulitaka nimgeuke?"

"Ukaona bora unigeuke mimi, ninayekula nawe sahani moja."

Basi fundi amesimama na mwiko mkononi. Shaame alimtii mwalimu wake, ila alikoroga akijua anatazamwa. Mize alikoroga bila kutazamwa, ila alimziba fundi macho. Makame alikosa, kisha akajishtaki mwenyewe. Angekosekana mmoja wao, harusi isingekula halua. Na Mize keshafika mlangoni, anangoja kusikia kama hapa bado ni kwao.

Haya, wewe uliyeketi hapo mbele, mwiko ungempa nani? Na jibu lako lingekuwa hilohilo kama sisi sote tusingekuwa tunakutazama?