Tumbo la Nahodha Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kipenga!
— Kilie!
— Kikilia?
— Tukae!
— Mkikaa?
— Tudanganywe!

Basi kaeni, niwadanganye kwa utaratibu.

Hapo zamani wanyama wa jimbo moja walicheza raga. Hawakulipwa. Siku za kazi kila mmoja alikuwa na shughuli zake: Nyumbu alitafuta malisho, Ngiri alichimba, Kiboko alilala majini. Siku ya mapumziko walikutana uwanjani, kumi na tano upande huu, kumi na tano upande ule, wakagombea mpira mmoja wenye umbo la yai.

Asiyejua raga asihofu. Mwenye mpira hukimbia nao, wenzake humsukuma, wapinzani humwangusha. Akifika nyuma ya mstari wa wapinzani akaubana mpira chini, hiyo ndiyo trai. Trai ina pointi tano. Hayo yanatosha. Kiboko mwenyewe hakujua zaidi ya hayo, naye alikuwa nahodha.

Timu ya Kiboko iliitwa Mtoni. Walikuwa viboko watupu. Mwamuzi wa jimbo alikuwa Ndege Karani, yule wa miguu mirefu na manyoya yaliyochomekwa kisogoni kama kalamu. Alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Alichokisema leo kilikuwa sheria kesho, hata kama usiku alijuta.

Kiboko alicheza kwa njia moja tu. Aliuweka mpira mdomoni, maana mikono yake ilikuwa mifupi, kisha akatembea. Pu! Pu! Pu! Waliomrukia waling'ang'ania ubavuni kama kupe, wakadondoka kama kupe. Akifika nyuma ya mstari aliutema mpira chini, akaulalia. Bwata!

Mechi ya kwanza ya msimu waliwatembelea Nyumbu. Pu! Pu! Pu! Bwata!

Nyumbu akaja mbio, pua inavuma. "Mwamuzi! Hakuubana kwa mkono! Mpira wenyewe hatuuoni. Tunaona tumbo tu!"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Tumbo la nani?"

"Lako!"

"Liko juu ya nini?"

"Juu ya mpira."

"Na mpira uko juu ya nini?"

Nyumbu akafikiri. "Juu ya ardhi."

"Basi ndugu yangu, unalia nini?"

Ndege Karani akazunguka lile tumbo mara mbili. Akainama, akachungulia. Akajikuna kisogo. "Mpira ulio chini ya tumbo umebanwa," akasema. "Tumbo si kizuizi. Trai!" Firiii!

Ikawa sheria.

Kulikuwa na desturi njema katika jimbo lile: mchezo ukiisha, mwenyeji huwalisha wageni. Nyumbu wakaandaa. Kiboko akala fungu lake, akala la mwenyeji, akalamba chungu, kisha akauliza kama kuna chungu kingine.

Mechi ya pili waliwatembelea Ngiri. Pu! Pu! Pu! Bwata! Ngiri akalalamika, mkia juu. Ndege Karani akasema, "Tumbo si kizuizi." Firiii! Kiboko akala la kwake, akala la mwenyeji, akalamba chungu.

Wakaenda kwa Swala. Pu! Pu! Pu! Bwata! Tumbo si kizuizi! Firiii! Akalamba chungu.

Ikabaki fainali. Nayo ilikuwa Majabalini.

Majabalini ni mahali pa mawe, na chini ya mawe kuna majani mabichi kidogo. Hapo walikaa wadogo wa jimbo: Nguchiro, Nungunungu, Sungura, Kobe. Nahodha wao alikuwa Pimbi, ambaye ni mdogo kama sungura na hana mkia wa kujivunia. Walikuwa wamefika fainali kwa kukimbia sana na kwa kupangiwa wapinzani wazee.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye roho ya mambo. Desturi ilisema bingwa wa msimu hukaa kiangazi chote nyumbani kwa mwenyeji wa fainali, akilishwa. Desturi hiyo ilitungwa zamani, bingwa alipokuwa Digidigi, aliyekula majani mawili na kusema asante. Hakuna aliyefikiria viboko kumi na tano. Majani yale ya Majabalini ndiyo chakula pekee cha watoto wa pale hadi mvua. Kiboko mmoja huyamaliza kwa wiki. Viboko kumi na tano huyamaliza wakisubiri chakula.

Usiku wa kuamkia fainali wadogo hawakulala. Asubuhi Nungunungu akamfuata Pimbi. "Nahodha, mwenyeji ndiye hutoa mpira. Tutatoa nini? Ule wetu wa nyasi umeoza."

Nyuma ya mstari wa uwanja palikuwa na mpapai. Mke wa Pimbi aliupanda, na mke wa Pimbi alikuwa amekufa. Mti nao ulizeeka. Ulikuwa umezaa tunda moja la mwisho, kubwa, na Pimbi hakulichuma. Kila asubuhi alilitazama, kisha akaenda zake.

Asubuhi ile pia alilitazama. Halafu akasema, "Lile."

Nungunungu akashusha miiba. "Lile la marehemu shemeji?"

"Lile."

"Una hakika, bwana?"

"Yeye angelichuma jana," akasema Pimbi, akapanda mti.

Siku moja kabla ya hapo alikuwa amemtuma Nguchiro mtoni na salamu: "Mzee Kiboko, shikamoo. Kwetu mawe ni mengi lakini karamu ni kubwa. Tafadhali njooni na njaa, msitutie aibu." Kiboko alifurahi sana. Tangu saa ile hakula kitu, akajisifu kwa wenzake kwamba hiyo ndiyo heshima kwa mwenyeji.

Jua lilipopanda jimbo zima lilikuja. Ndege Karani akaukagua mpira. Akaunusa.

"Hili ni papai," akasema.

"Ni mpira wa mwenyeji," akasema Pimbi.

"Ni papai."

"Lina umbo gani, mwamuzi?"

"La yai."

"Ni gumu?"

Ndege Karani akaligonga kwa mdomo. Ko! Ko! Lilikuwa gumu, ingawa upande mmoja ulikuwa umeanza kupiga rangi. "Limekubaliwa," akasema, na kwa kuwa alipenda kukumbusha watu sheria, akaongeza kwa sauti: "Anayeuharibu mpira wa mwenyeji hali chakula cha mwenyeji!"

Kiboko akacheka. "Nani wa kuharibu mpira? Mimi nauharibia nini?"

Firiii!

Wadogo hawakujaribu kumwangusha mtu. Kila walipoupata mpira waliupiga mbali. Kwa! Viboko wakaufuata, pu, pu, pu. Walipofika, Nguchiro alikuwa ameshaupitia, akaupiga upande wa pili. Kwa! Viboko wakageuka, pu, pu, pu. Jua likawaka. Papai likapata joto. Likapigwa, likadundwa, likalaliwa, likaanza kulainika.

"Chezeni kiume!" akafoka Kiboko.

"Tunacheza kidogo kidogo, mzee," akajibu Kobe.

Kisha ikawa skramu, ule msukumano wa vichwa, timu mbili zimeinama na mpira katikati ya miguu. Nungunungu akaingia na kuegemea papai kwa heshima. Chwi! Chwi! Miiba ikapenya. Halafu, kwa bahati mbaya, bahati mbaya kabisa, wadogo wakauachia mpira. Ukamfikia Kiboko.

Akauweka mdomoni. Pu! Pu! Pu! Watazamaji wakasimama. Mstari wa Majabalini ulikuwa mbele yake, na hakuna wa kumzuia. Pu! Pu! Tone moja la utamu likamwangukia ulimini.

Pu... akapunguza mwendo.

Pimbi alikuwa akikimbia pembeni yake, ti-ti-ti-ti. "Mzee, samahani. Kama mpira unavuja, usiumeze maji yake."

"Mm-mm," akasema Kiboko, mdomo umejaa.

"Ni matamu mno. Yatakuondolea hamu ya karamu."

Pu.

"Na ile nyama yake nyekundu ya ndani, mzee, usiiguse kabisa. Hiyo marehemu mke wangu alikuwa akiwawekea wakubwa tu."

Hatua moja kabla ya mstari, Kiboko akasimama. Akafumba macho. Nyaf! Nyaf! Glu!

Uwanja mzima ukasikia ile glu.

Ndege Karani akaja kwa miguu yake mirefu. "Nahodha, mpira uko wapi?"

Kiboko akataka kusema. Akakumbuka: anayeuharibu mpira wa mwenyeji hali chakula cha mwenyeji. Harufu ya karamu ilikuwa ikitoka nyuma ya mawe. "Mpira gani?" akasema.

"Uliokuwa mdomoni mwako."

"Umeanguka huko nyuma. Kwenye majani."

"Una hakika?"

"Mwamuzi, mimi ni mtu mzima."

Wakautafuta. Nyumbu wakatafuta, Ngiri wakafukua, Swala wakaruka huku na huku. Pimbi naye akatafuta kwa bidii kuliko wote, akifunua hata vijiwe vidogo. "Huku hapana! Na huku hapana! Maskini mpira wetu!" Muda ukaisha. Firiii! Mapumziko, pointi sufuri kwa sufuri.

Mnajua desturi ya raga: baada ya mapumziko timu hubadilishana pande. Mstari uliokuwa wa Majabalini kuulinda sasa ukawa wa Mtoni. Viboko wengine wakahamia upande huo, wakikokota miguu. Kiboko hakuwa na haja ya kuhama. Alikuwa tayari pale, ameshiba kidogo, jua kali, na nyuma ya mstari palikuwa na kivuli cha mpapai. Akajisogeza. Akajinyoosha. Bwata! Akalala.

Pimbi akamwendea mwamuzi. "Tuanze."

"Tuanze na nini? Mpira haujaonekana."

"Mpira upo uwanjani, mwamuzi. Wewe piga kipenga tu."

Ndege Karani hakupenda, lakini saa ya kuanza ilikuwa imefika, na saa nayo ni sheria. Firiii!

Pimbi hakukimbia. Akatembea uwanja mzima, ti, ti, ti, akawapita viboko waliokuwa wakiitazama mikono yake mitupu na kucheka. Akauvuka mstari. Akapanda juu ya tumbo la Kiboko, akachagua mahali palipovimba, akabana kwa mikono miwili.

"Trai!" akasema.

Kiboko akaamka. "We mdudu, unafanya nini juu yangu?"

"Nafunga."

"Unafunga nini? Hilo ni tumbo!"

"Tumbo la nani, mzee?"

"Langu!"

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu! Mimi tangu jana sijala hata..." Akasita. Pimbi akabana tena, taratibu, kama mtu anayejaribu godoro.

Beuuu!

Harufu ya papai ikafika hadi safu ya mwisho ya watazamaji. Mbegu tatu nyeusi zikaruka kutoka mdomoni mwa Kiboko, zikamwangukia Ndege Karani miguuni. Akainama. Akaziangalia kwa jicho la kulia, akaziangalia kwa jicho la kushoto.

"Mpira umepatikana," akasema.

"Sawa, niliumeza!" akanguruma Kiboko. "Kwa bahati mbaya! Lakini hajaugusa! Mkono wake uko juu, mpira uko ndani, katikati kuna tumbo zima!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Ndege Karani. Nyumbu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ngiri aliinua mkia.

Ndege Karani akafumba macho, kama mtu anayekunywa dawa. "Mpira uko juu ya ardhi," akasema. "Uko nyuma ya mstari wa Mtoni. Umebanwa. Na tumbo..."

"SI KIZUIZI!" likajibu jimbo zima.

Firiii! Pointi tano.

Mchezo haukuendelea. Mpira ulikuwa umo uwanjani lakini hautoki, na Kiboko alikataa kabisa kushauriwa namna ya kuutoa. Ndege Karani akangoja hadi muda ulipokwisha, akatangaza Majabalini mabingwa. Na kwa kuwa wao ndio mabingwa na wao ndio wenyeji, walipewa haki ya kukaa kiangazi chote nyumbani kwao, wakijilisha wenyewe majani yao. Walishukuru sana.

Viboko wa Mtoni walialikwa karamuni, isipokuwa nahodha. Alikaa upande wa pili wa mawe akisikiliza vyungu vikilambwa. Giza lilipoingia akaondoka peke yake akiufuata mstari ule ule, na mnajua viboko wanavyojisaidia huku wakitembea: mkia ulimcheza kama feni. Pata-pata-pata-pata, kutoka kona hii hadi kona ile.

Mpapai wa zamani ulianguka kiangazi kile kile. Pimbi aliukuta chini asubuhi moja, akakaa karibu yake kidogo.

Kisha mvua ikanyesha. Juu ya mstari wa trai, kutoka kona hii hadi kona ile, ikachipua mipapai. Ilikuwa mingi, imenyooka kama timu inayosubiri kipenga. Wachezaji walimwambia Pimbi kwamba hawawezi tena kufunga hapo, wasogeze mstari. Akakubali. Akausogeza mwenyewe, hatua kadhaa mbele, bila kugusa mche hata mmoja.

Na funzo la hadithi? Funzo ni hili, lishikeni: usimtegee mgeni chakula. Ni dhambi, ni uchoyo, na haileti faida yoyote. Pimbi mwenyewe huwafundisha hivyo watoto wa Majabalini, akiwa juu kwenye tawi la mpapai, na hawamsikii vizuri kwa sababu mdomo wake umejaa.

Kipenga kimelia. Hadithi hii mpira wangu, nimeutupa kwenu. Atakayeudaka aende nao nyumbani, ila asiule njiani.