Mpira wa Fainali

Haya, jipangeni vizuri, na wewe uliyelala pale nyuma amka, maana leo sisimulii ili mpate usingizi. Nina kesi. Nimeizungusha kichwani mpaka imenichosha, sasa mtaikata ninyi. Wasichana watatu, mpira mmoja. Na mpira wenyewe haugawanyiki, asije mtu akaniletea habari za kisu.

Walikuwa wa chuo kimoja cha ualimu huko nyanda za juu, kule ambako asubuhi ukisema neno moshi unatoka mdomoni. Timu yao ya mpira wa wavu ilikuwa na watu wengi, lakini kesi yetu inawahusu hawa tu.

Wa kwanza ni Nyamizi, wa mwaka wa pili. Kipaji chake kilikuwa kuanguka. Msicheke! Kuna watu mpira ukienda chini wanautazama kwa huruma, Nyamizi anajitupa. Magoti yake yalikuwa makovu matupu. Uwanjani kazi yake ilikuwa kuokota mipira kabla haijagusa chini, akivaa jezi ya rangi ya peke yake, na mdomo wake haukuwa na breki.

Wa pili ni Bupe, wa mwaka wa kwanza, mrefu mpaka milango ya bweni ilimsumbua. Kipaji chake kilikuwa mkono. Akipiga mpira, walio upande wa pili wanafumba macho kwanza. Ila alikuwa mwoga wa watu, na kila alipokutana na mkongwe wa timu alimpa shikamoo, hata kama walikutana bafuni.

Mkongwe huyo ndiye wa tatu: Sikudhani, wa mwaka wa mwisho. Kipaji chake kilikuwa akili. Nguvu alikuwa nazo za kawaida tu, lakini alijua kuudondosha mpira nyuma ya wazuiaji, pale pasipo na mtu. Alifundishwa na baba yake, wakicheza juu ya kamba ya kuanikia nguo. Baba huyo, tangu binti yake achaguliwe kwenye timu, alishaiondoa redio juu ya kabati la sebuleni ili kuuwekea nafasi mpira wa fainali. Akipiga simu anauliza habari za mpira kwanza, masomo baadaye.

Sasa mpira wa fainali ndio upi? Chuo hicho kina desturi. Timu ikichukua kombe la kanda, mpira uliochezewa fainali wanarudi nao, na mmoja wao anapewa aende nao kwao, uwe wake kabisa: yule aliyewapa ushindi. Kocha haamui. Anaamua mkongwe, aliyekaa kwenye timu kuliko wote, na anaamua mezani, chakula cha ushindi kikiwa bado kinaliwa. Vyombo vikishaondolewa hajataja mtu, basi tena, mpira unaingia kwenye gunia na mingine, unapigwa mazoezini mpaka unachubuka. Walioianzisha desturi hii walimwona mkongwe ni bibi wa watu, anamalizia malizia, hana shida na kitu. Hawakuwaza kwamba siku moja naye angekuwa na madai. Hapo ndipo walipokosea.

Mwaka wake wa kwanza, Sikudhani alifungwa fainali, akalia mpaka akabebwa. Mwaka wa pili akafungwa tena, akalia kidogo, kisha akala wali wake akamaliza. Mwaka huu, siku ya fainali, alifunga plasta vidoleni, akaangalia watu wakipiga ngoma pembeni mwa uwanja, na hakusikia kitu. Woga hakuna, hamu hakuna. Alijaribu hata kujitia hasira, nayo haikuja.

Ikafika seti ya tano, sare, kila timu imebakiza pointi mbili. Kila mpira aliopiga Sikudhani ulizuiwa ukarudi miguuni kwake, maana wapinzani walishazijua janja zake zote. Hapo akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Akanyoosha mkono kumwita kocha.

"Nitoe, Mwalimu."

Mwalimu Kihwelo alidhani hakusikia vizuri. "Umeumia?"

"Hapana. Muingize Bupe."

"Siku, hii ndiyo fainali yako ya mwisho."

"Najua, Mwalimu. Muingize."

Akatoka, akakaa benchi, akaanza kubandua plasta. Bupe akaingia. Wapinzani wakaanzisha, mpira wao ukanasa wavuni. Ikabaki pointi moja.

Sasa msikilizeni Nyamizi. Mpira ulipigwa, ukamgonga mwenzao begani, ukaruka nje kuelekea benchi. Mashabiki wa wapinzani walishaanza vigelegele. Nyamizi akakimbia, akajitupa, akateleza mpaka chini ya Sikudhani, na Sikudhani akainua miguu, kama unavyomwinulia mtu anayefagia. Ngumi ya Nyamizi ikaupata mpira umebakiza kidogo kugusa nyasi. Mpira ukapaa. Mdomo wake ukagonga benchi ukapasuka.

Msikilizeni na Bupe. Mpira ule ulirudi vibaya, juu mno, karibu na wavu, na hakukuwa na wa kumpangia. Wewe na mimi tungeusukuma tu upite, tumwachie Mungu. Bupe, yule mwoga wa shikamoo za bafuni, aliruka. Lo! Akaupiga, ukatua katikati ya watu na hakuna aliyethubutu kuugusa. Mwamuzi akapuliza filimbi, kombe likawa lao.

Sikudhani alikumbatiwa, akarushwa juu, akashushwa. Alicheka kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka. Baba yake alipopiga simu hakuipokea.

Mchana ule ule bwalo la chuo likanukia pilau ya kuku. Mkongwe akapewa mpira, akasimama nao. Ulikuwa mzito kidogo kwa tope. Aliushika kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake auangalie kidogo.

"Da Siku, chukua wewe," Bupe alisema, macho kwenye sahani. "Ungebaki uwanjani, mimi ningepigia wapi?"

"Aa, ngoja kwanza," Nyamizi akadakia, mdomo umevimba. "Mimi sili pilau yenye pilipili wiki nzima kwa ajili ya mpira huu. Siku nampenda, lakini aliyetoka ametoka. Mtu unashindaje ukiwa umekaa?"

Meza nzima ikacheka. Mwalimu Kihwelo akainua mikono. "Mimi simo," alisema, akaendelea na paja lake la kuku.

"Lakini yeye aliona," Bupe akasisitiza. Ilikuwa mara ya kwanza wanamsikia akibishana na mtu. "Da Siku, waambie. Uliona nini mpaka ukatoka?"

Jibu lilikuwa rahisi. Angesema, niliona Bupe ana nguvu kunizidi, nikajitoa kwa ajili ya timu. Nani angembishia? Hata Nyamizi angepiga makofi.

"Sikuona kitu," Sikudhani alisema. "Mkono uliinuka tu. Nilikuwa nimechoka kutaka."

"Kutaka nini?" Nyamizi akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Kutaka. Basi."

Bupe akanong'ona, "Hata hivyo, tumeshinda." Mama Tuntufye wa jikoni, ambaye habari za mpira hazimhusu, akaingia na beseni lake. "Mmeshiba wanangu? Natoa vyombo." Akaanza mwisho wa meza, sahani juu ya sahani, akija upande huu. Akachukua ya Nyamizi. Akachukua ya Bupe. Akafika kwa Sikudhani, akashika ukingo wa sahani.

Na hapo, jamani, hapo ndipo Sikudhani aliposikia kitu. Alisikia tope kavu viganjani, akaliona kabati la sebuleni na ile nafasi isiyo na redio. Aliutaka mpira ule. Aliutaka kwa miaka yake yote kwa pamoja, mbele ya msichana mwenye mdomo uliopasuka na msichana aliyepiga, baada ya kukiri kwa kinywa chake kwamba alipotoka hakuwa na habari na yeyote.

"Nichukue, mwanangu?" Mama Tuntufye akauliza.

Mimi naishia hapo, maana zaidi ya hapo sijui. Aliyeokota ana madai yake, aliyepiga ana yake. Aliyetoka, kama asingetoka kombe lisingekuja, lakini alitoka bila moyo, na moyo umemrudia sasa, mpira uko mikononi mwake na neno la mwisho ni lake. Haya, semeni upesi, mama wa watu amesimama na beseni. Mpira huo ungempa nani?